Kipimo cha 'Mathuso

Theluji iliziba njia ya mlimani, na wauguzi wa zahanati za mbali wakafika Phororong jua limekwisha kupanda, wengine juu ya farasi, mablanketi yao yamelowa mpaka pindoni. Limpho Nthunya aliwangoja katika bwalo la hospitali, mgongo ameupa jiko la mafuta ya taa. Alikwisha kupanga viti na kutundika shuka jeupe ukutani la kumulikia picha. Juu ya meza alikuwa amesimamisha kichupa cha kahawia chenye kifuniko cha kudondoshea, kama vile ambamo dawa aliyokuja kuifundisha hutiwa.

Alikuwa mfamasia. Miaka mingi alitoa dawa dirishani huko Maseru, mji mkuu wa Lesotho, mpaka kampuni moja iliyopewa kibali cha kulima bangi ya dawa ilipomwajiri azunguke mahospitalini, awafundishe madaktari na wauguzi mmea ule unatibu nini, unadhuru nini, na unapimwaje. Walimpa gari, na mshahara ulikuwa wa kuridhisha, lakini si hayo tu yaliyomfanya akubali. Aliwahi kumwona mtoto wa rafiki yake, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akianguka kifafa mpaka anajing'ata ulimi, akianzishiwa matone ya mmea ule na kupata siku za utulivu ambazo mama yake hakuwa amezijua. Tangu hapo Limpho aliona ni dhambi muuguzi kutojua.

“Ausi Limpho,” alisema muuguzi mmoja mzee, mwanamume, akimwita dada kwa Kisotho kabla hata hajaketi, “tangu nianze kazi nawafukuza wagonjwa wanaovuta matekoane, bangi hiihii, nyuma ya choo. Leo nimetolewa zahanati, nimepanda farasi kwenye barafu, nije nifundishwe kuwawashia?”

Bwalo zima likaangua kicheko. Limpho naye akacheka, maana alijua wakicheka watasikiliza.

“Kuwawashia hapana, Ntate, baba yangu. Nimekuja kukufundisha kuwauliza wanavuta kwa nini.”

Akaanza. Aliwaeleza kwamba mwili wa binadamu wenyewe una milango inayofunguliwa na ufunguo wa mmea ule, ndiyo maana hutuliza maumivu, huzuia kutapika, hurudisha hamu ya chakula. Akawaambia si kila kilichomo kinalevya. Kipo kinacholevya, na kipo kisicholevya ambacho ndicho kinachowafaa watoto wa kifafa, na mtu akiupika mmea tu jikoni kwake hawezi kujua amepata kipi na kwa kiasi gani.

“Sasa sikilizeni hili, hata mkiyasahau mengine yote. Mtu akivuta, moshi humfika kichwani kabla hajamaliza kukohoa. Akila au akinywa, atangoja saa nzima, pengine mbili au zaidi. Hapo ndipo watu wanapoumia. Anakunywa, haoni kitu, anaongeza. Bado haoni kitu, anaongeza tena. Kisha yote yanamfika kwa pamoja.”

Katika safu ya mbele aliketi Sista Moliehi Sekonyela, msimamizi wa wodi ya wanaume, mwanamke mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Hakuwa amecheka na wenzake. Sasa aliinua mkono.

“'M'e, mama, nina mdogo wangu,” alisema. “Alianza kuvuta akiwa bado anachunga kondoo mlimani. Alikuwa na akili kuliko sisi sote nyumbani. Leo yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, nikienda kumwona ananiita mama, na mama yetu tulikwisha kumzika. Hilo nalo limo kwenye picha zako, au kampuni yako imelisahau?”

Wauguzi wakageuka kumtazama Limpho.

“Limo,” alisema Limpho. “Ndiyo picha inayofuata.”

Akabonyeza mashine ya picha, na ukutani yakatokea majina ya wale wasiofaa kupewa: vijana ambao ubongo wao haujakomaa, wenye ugonjwa wa akili katika ukoo, wajawazito, wenye moyo mbovu. Alikaa juu ya picha ile muda mrefu kuliko nyingine zote. Hakumwambia Moliehi pole, kwa kuwa aliona si mwanamke wa kupewa pole mbele ya watu. Lakini Moliehi alifungua kalamu yake na kuanza kuandika.

Muuguzi kijana wa wodi ya watoto ndiye aliyeuliza lile ambalo Limpho aliulizwa kila mahali. “Na mafuta ya mmea huo tunayapata wapi? Sisi, hapa Phororong?”

“Yanayotengenezwa nchini yanakwenda nje. Ulaya.”

“Na yetu?”

“Bado hayajaruhusiwa kuingia katika stoo za hospitali. Yataruhusiwa.”

“Lini?”

Limpho akakigeuza kile kichupa mezani.

“Yaani ng'ombe wetu, maziwa ya jirani,” alisema yule muuguzi mzee, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wakati huo mhudumu wa wodi alikuja akinyata hadi kwa Moliehi, akamnong'oneza. Moliehi akafunga daftari, akatoka haraka bila kumtazama mtu. Limpho akaendelea. Alikuwa amefika kwenye wagonjwa wa saratani, wale ambao dawa za kawaida za kichefuchefu zimeshindwa, na alikuwa akiwaeleza kwamba hao hasa ndio ambao madaktari wa nchi nyingine huwafikiria kwanza. Alikuwa katikati ya sentensi alipoona vichwa vinageuka dirishani.

Nje, kwenye theluji iliyokanyagwa ikawa tope, polisi wawili walikuwa wakimpeleka mwanamke mmoja langoni. Alikuwa mfupi, amejifunga blanketi la kijivu kwa pini kubwa kifuani. Polisi mmoja alikuwa amebeba sufuria ndogo yenye kifuniko, ameishika mbali na mwili kana kwamba ndani mna nyoka. Mwanamke hakulia wala hakubishana. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama madirisha ya wodi ya wanaume, na kila alipogeuka polisi alimsukuma begani taratibu.

“Ni 'Mathuso,” alisema mtu. “Mke wa Ntate Seabata.”

“Kafanya nini?”

“Matekoane. Kampikia mumewe kwenye uji.”

Ukutani, nyuma ya Limpho, maneno ya kuhusu wagonjwa wa saratani yalikuwa bado yanawaka. Akaizima mashine, akaelekea wodini.

Wodi ya wanaume ilinuka dawa ya kuoshea sakafu na mablanketi ya sufu. Seabata Khoabane alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa amefanya kazi migodini ng'ambo ya mpaka tangu ujana mpaka alipostaafishwa, na zamani alikuwa pande la mtu. Sasa mifupa ndiyo iliyobaki mikubwa. Saratani ilikuwa tumboni. Hospitali ya Bloemfontein, ng'ambo, walimtia dawa kali, kisha wakamrudisha nyumbani na karatasi isemayo hakuna zaidi la kufanya. Alichokula alikitapika, na asipokula alitapika vilevile.

“Mke wangu yuko wapi?” alimuuliza Moliehi.

“Ametoka kidogo, Ntate.”

“Sista, tumbo ndilo linaloumwa. Macho yangu ni mazima.” Akamwangalia Limpho. “Na huyu nani?”

“Mwalimu kutoka Maseru,” alijibu Moliehi.

“Mwambie mwalimu kwamba jana nilikula, chakula kikakaa tumboni. Bakuli zima la motoho, uji wetu mchachu. Nililala kama mtoto.” Alisita, akivuta pumzi. “Mimi nimeishi chini ya ardhi, 'M'e, nimechimbuliwa kwenye kifusi na sikuwahi kuogopa. Naogopa kutapika. Hebu ona mtu mzima anavyoishia.”

Limpho akamtoa Moliehi kwenye ujia nje ya wodi. Alikuwa amekasirika, lakini alijua hasira haifundishi, kwa hiyo akaongea polepole. “Ulilazimika kuita polisi?”

“Unanilaumu?” Macho ya Moliehi yalikuwa mekundu. “Jumatatu alimpa uji huohuo. Nikamkuta mzee anazungumza na watu waliokufa mgodini, anawaita kwa majina. Ameng'oa sindano ya maji, damu tele sakafuni. Ameanguka, mpaka leo paja limevimba. Nilimkanya 'Mathuso, nikamwambia nikiinusa tena hapa nafuata kanuni ya hospitali. Leo mhudumu ameniita, nimeinusa. Kanuni inasema mlinzi aite polisi. Ningefanya nini?”

“Ungemuuliza alitia kiasi gani.”

Moliehi akaegemea ukuta. Walisimama pale, mhudumu akapita katikati yao na ndoo.

“Hatukufundishwa kuuliza,” alisema hatimaye. “Tulifundishwa kumwaga.”

Wakaenda kwa daktari. Hospitali ilikuwa na mmoja tu, Daktari Leteka, kijana mwenye ndevu zisizojaa ambaye alikuwa ametoka chumba cha upasuaji na alikuwa akila mkate amesimama. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

“Dawa za kuzuia kutapika nilizonazo zote nimempa,” alisema. “Hazifanyi kitu. Nimebaki na mofini na maji ya mshipani. 'M'e Limpho, naamini unachofundisha, mimi mwenyewe nimekisoma. Lakini niandike nini? Nikiandika, mtu wa stoo atatoa nini? Nikimruhusu mke wake, na kesho mzee akaanguka akavunjika shingo, nani atasimama mahakamani?”

Moliehi akamgeukia Limpho. “Kile kichupa,” alisema.

“Kichupa gani?”

“Cha mezani. Kilete. Tuseme daktari hajasikia kitu, ametoka nje kula mkate wake. Nitampa mimi tone moja, nitakaa naye, nitahesabu mapigo ya moyo. Ikiwa ni jela, niende mimi. Mwanamke wa watu nimemwondoa mimi.”

Limpho alihisi uso unamwaka moto. “Sista, ndani ni mafuta ya kupikia.”

“Nini?”

“Walinijazia ofisini. Ni cha maonyesho. Hata mimi siruhusiwi kutembea na dawa yenyewe.”

Moliehi akatoa kicheko kikavu kisichofika machoni. “Mafuta ya kupikia,” alisema. “Na mimi nilikuwa nakikodolea macho asubuhi nzima, nasema moyoni, shetani mwenyewe ndiye huyo.”

Kituo cha polisi kilikuwa chini ya mlima, na Limpho na Moliehi wakateremka kwa miguu, wakishikana mikono penye barafu. Sajini alikuwa akichochea makaa. Alipowatambua akatikisa kichwa.

“Ninyi mnafundisha bangi huko juu, na hapohapo mnaniletea wenye bangi huku chini. Niwashike wapi?”

“Naondoa malalamiko yangu, Ntate,” alisema Moliehi.

“Malalamiko si yako tena, mama. Sufuria imeandikwa, ushahidi umefungwa. Hii ni kesi ya serikali dhidi ya mwanamke. Hakimu akija ataamua.”

“Hakimu anakuja lini?”

Sajini akaonyesha dirisha kwa kidevu, kule mlima ulikokuwa umepotea ndani ya ukungu. “Muulize huyo.”

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Akawaruhusu wazungumze naye. 'Mathuso alikuwa ameketi juu ya benchi ndani ya chumba cha mahabusu, blanketi amejivuta mpaka masikioni. Moliehi aliposogea kwenye nondo za mlango, 'Mathuso hakumwangalia usoni, alimwangalia mikono.

“Amekula?”

“Bado.”

“Mlishe kwa kijiko cha mbao, kiko kwenye mkoba wangu chini ya kitanda. Cha chuma kinamtia kichefuchefu. Ukimlisha usimlaze, mkalishe kama mtu aliyealikwa. Na usimharakishe. Anaona aibu akiharakishwa.”

“Nitafanya hivyo, 'M'e.”

“Utafanya,” alisema 'Mathuso. “Na mimi nilikuwa nafanya nini, Sista? Nilikuwa namuua?”

'Mathuso akamgeukia Limpho.

“Wewe ndiye mwalimu wa matekoane? Nilisikia wanacheka bwaloni. Nikasema, basi leo mambo yamekwisha, wamekuja kuwaeleza. Ndiyo maana sikuificha sufuria.” Akavuta blanketi. “Kumbe wewe una kibali cha kuisema, mimi sina cha kuipika.”

Walipanda kurudi hospitali. Njiani Moliehi aliteleza, akaanguka kwa magoti, na Limpho alipomwinua alimkuta analia, si kwa goti.

Wodini Moliehi alikitafuta kijiko cha mbao. Alimkalisha Seabata kwa mito, akamlisha motoho uliochemshwa jikoni, kidogo kidogo, akisimama kila mzee alipofumba macho. Vijiko vitatu vilikwenda chini na kukaa. Moliehi akaanza kutabasamu. Kisha mwili wa mzee ukajikunja wote, na uji ukatoka, na baada ya uji kikatoka kitu cheusi. Moliehi alimpangusa kidevu, kifua, mikono.

“Mkono wako mwema, Sista,” alisema Seabata alipopata sauti. “Ila si huo ninaoungoja.”

Barabara ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo siku iliyofuata Limpho alifundisha kama ratiba ilivyosema. Waliokuja walikuwa wachache. Moliehi aliketi palepale mbele. Sare yake haikuwa imepigwa pasi, na begani ilikuwa na doa. Aliuliza maswali mengi kuliko wengine wote: mtu akizidishiwa anafanywaje, dawa gani hazipatani nayo, mzee asiye na nguvu aanziwe wapi. Limpho alimjibu moja baada ya jingine. Aliyezidishiwa alazwe mahali patulivu penye mwanga hafifu, akae na mtu anayemjua, aambiwe kwamba itapita, asiachwe ainuke peke yake. Akizimia au moyo ukienda mbio ajabu, aitwe daktari. Moliehi aliandika yote.

“Akae na mtu anayemjua,” alirudia kwa sauti ya chini, kalamu ikiwa imesimama.

Seabata Khoabane alikufa mchana wa siku hiyo, ukungu ulipoanza kuondoka na jua kuingia wodini. Daktari Leteka alikuwa amempa mofini, hivyo hakulia kwa maumivu. Lakini alitapika mpaka karibu na mwisho, na mara mbili aliuliza kama mlango umegongwa.

Moliehi hakutaka mtu mwingine apeleke habari. Alikwenda mwenyewe, na Limpho akamfuata kwa mbali. Sajini alipoisikia habari alivua kofia, akaketi, akasimama tena. Kisha akachukua funguo.

“Nenda, 'M'e,” alimwambia 'Mathuso. “Nenda kwa mumeo. Hakimu akija nitakuita.”

Alifungua mlango bila karatasi, bila hakimu, bila kumpigia mtu simu. Wanawake wale watatu wakautazama mlango ulio wazi, na kila mmoja wao alielewa kwamba hata jana ungeweza kufunguka. 'Mathuso ndiye aliyelisema.

“Kumbe haukuwa mgumu,” alisema.

Akapita katikati yao. Alipanda mlima haraka mno kwa umri wake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Mazishi yalifanyika Jumamosi iliyofuata, kijijini kwao, baada ya barabara kufunguliwa. Limpho alikuwa amekwisha kurudi Maseru, lakini Moliehi alimsimulia kwa simu. Alikwenda na blanketi jipya la kumpa mjane. Shemeji za marehemu walilipokea kwa mikono miwili, wakaliweka pembeni, na alipoondoka jioni alilikuta juu ya jiwe la njiani, limekunjwa vizuri. Hakuna aliyemtukana. Nyama ilipogawiwa, sahani ilimpita kama upepo.

“Nililichukua blanketi langu,” alisema Moliehi. “Ningefanyaje? Lingelowa.”

Kampuni ilimtaka Limpho alete picha za semina ya Phororong. Mkuu wake, Ntate Pheko, alikuwa mtu mcheshi mwenye kupenda tai za rangi kali. Alizipitia picha akakunja uso. “Mbona hawatabasamu? Hizi tunawatumia wenye hisa.”

Limpho akamweleza yote, kuanzia sufuria mpaka mlango wa polisi. Akamwomba kampuni ipeleke maombi serikalini, angalau hospitali chache za milimani zipewe mafuta kidogo kwa ajili ya wanaokaribia kufa.

“Dada yangu, inauma, naiona inavyouma,” alisema Pheko. “Ila sisi tunauza, hatugawi. Na hicho kibali tulichonacho ni cha kusafirisha tu. Nikitoa chupa moja ndani ya nchi, nafungwa mimi kama yule mama.”

“Basi tunawafundisha nini?”

“Tunawaandaa kwa siku itakapokuja.”

Limpho aliendelea kufundisha kipindi kilichobaki cha baridi. Kile kichupa alikiacha ofisini. Kila alipofika mahali, aliwaambia wauguzi mwanzoni kabisa kwamba hana dawa na hajui itakuja lini, na kwamba anachoweza kuwaachia ni swali la kumuuliza mke, mume au mama anayeleta sufuria wodini: umetia kiasi gani, na umempa saa ngapi? Wengine waliandika. Wengine walikula chakula cha mchana wakaenda zao.

Siku ile ya Pheko haikuja. Wanunuzi wa ng'ambo walipata bangi ya bei rahisi kwingineko, na kabla maua ya mipichi hayajafunguka kampuni iliwafukuza wafanyakazi wake. Mabanda ya kulimia yalibaki uwandani, plastiki zake zinapigwa na upepo. Gari likachukuliwa. Limpho akarudi dirishani, kutoa dawa za shinikizo la damu na za kikohozi.

Mvua za majira ya joto ziliponyesha na mahindi kuanza kubeba, alipanda magari ya abiria mpaka Phororong, kwa nauli yake, bila kutumwa na mtu. Hakupita hospitali. Aliuliza njia, akamkuta 'Mathuso mbele ya nyumba yake ya mawe, anapepeta maharage. Kichwa alikuwa amenyolewa na nywele zilikuwa zimeanza kurudi, na alivaa nguo nyeusi ya ujane. Katikati ya mahindi yaliyoteremka nyuma ya nyumba, majani mengine yenye vidole yalikuwa yamesimama, ya kijani kibichi, kama kila mwaka.

“Mwalimu,” alisema 'Mathuso, kama mtu aliyeona mvua inakuja. Akamletea kigoda na chai. Walikunywa wakitazama bonde.

Limpho alikuwa amekuja na maneno ya kuomba radhi, lakini hakupata pa kuyaanzia. 'Mathuso hakumsaidia. Alimwambia hakimu alimtoza faini ndogo na kumwonya. Akamwambia ng'ombe mmoja aliuzwa. Kisha akaweka kikombe chini.

“Wananijia mimi sasa,” alisema. “'Maneo wa hapo chini, mama mkwe wake ana uvimbe tumboni, chakula hakimkai. Wanadhani kwa kuwa nilifungwa, basi naijua. Kipimo ni kipi?”

Limpho aliangalia yale majani. Alijua akisema amevunja sheria, na alijua pia kwamba uji utapikwa, aseme asiseme.

“Kwa hakika siwezi kukuambia, 'M'e. Mmea wa shambani haujapimwa, nguvu yake haijulikani. Amwone daktari kwanza, na daktari ajue. Lakini kama mtampa, basi iwe kidogo sana, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili, ndani ya sufuria nzima. Anywe vijiko viwili tu. Kisha mngoje. Siku hiyo msiongeze hata kidogo, hata kama anasema haoni kitu. Mtu asimwache peke yake.”

'Mathuso akainua mkono wake, akautazama, akaufumba ukawa konzi.

“Mimi nilitia hizi mbili,” alisema. “Jumatatu ile. Akanywa nusu bakuli, nikaona bado anajikunja. Nikampa iliyobaki.”

Limpho akaitazama ile konzi.

“Kwa hiyo wale wafu wa mgodini niliwaita mimi. Na sista akaniogopa kwa ajili hiyo.”

“Hukuwa umefundishwa.”

“Na sista?”

“Naye hakuwa amefundishwa.”

'Mathuso alitikisa ungo, maganda yakapeperuka, maharage yakabaki. “Wewe ulikuwa umefundishwa,” alisema, bila ukali, na Limpho akayapokea maneno hayo kama yalivyokuja, maana hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Chini ya mteremko mwanamke mmoja alikuwa akianua nguo. 'Mathuso akasimama, akaweka viganja mdomoni, akamwita kwa sauti ndefu ya milimani. “'Maneo! Acha nguo, njoo!” Kisha akaketi tena, akamsogezea mgeni wake sufuria ya chai.

“Utarudia tangu mwanzo,” alisema. “Polepole. Huyo si mwepesi wa kushika.”